Loveday wa Tarehe Tatu Mei

Sheffield,
6 Oktoba 1974

Shangazi Thirza,

Shikamoo. Ni mimi Jenifer, binti wa Digory. Najua utaugeuza mwandiko huu mara mbili kabla ya kuusoma, maana kwetu kadi zako za Krismasi hujibiwa na mama. Mama hajambo. Tangu tumzike baba mwezi wa nane amekuwa mtu wa kusafisha madirisha, hata yale aliyoyasafisha jana. Mume wangu Neville yupo, bado anafanya kazi katika kiwanda kile kile alikostaafu baba. Habari kubwa ni kwamba nina mimba, mtoto anatarajiwa mwishoni mwa Machi, na kwa sasa harufu ya chai peke yake inanitoa mbio jikoni.

Asante kwa kadi ya rambirambi. Ilikuwa na mistari miwili, lakini ilifika.

Sasa nina swali, na wewe ndiye uliyebaki wa kuulizwa. Baba ameacha sanduku la bati, na ndani yake mna Biblia kubwa ya babu Hannibal, ile yenye kurasa za mbele za kuandikia waliozaliwa na waliokufa. Wewe umo, 1905. Baba yumo, 1907. Halafu chini ya baba, kwa mkono wa babu, kuna mstari huu: "Loveday. 3 Mei 1930." Basi. Hakuna ukoo, hakuna wazazi, hakuna siku ya kufa. Mbele yake pameachwa nafasi ya upana wa vidole vitatu, kama mtu aliyekusudia kurudi kumalizia.

Shangazi, Loveday ni nani? Nimemuuliza mama, akasema hajui, kisha akaenda kufuta dirisha.

Jina lenyewe limeniingia moyoni. Mtoto akiwa wa kike nataka nimpe. Ila siwezi kumpa mtoto wangu jina la mtu nisiyemjua. Pengine alikuwa mwizi wa kuku.

Nasubiri jibu lako. Hapa kwetu tunakutaja.

Jenifer


Tregarrow, Cornwall,
27 Oktoba 1974

Jenifer mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa hiyo mimba. Kunywa maji ya moto yenye tangawizi, na usimsikilize mtu yeyote atakayekuambia ulale mchana kutwa. Huku mvua imenyesha siku kumi na moja mfululizo. Paa la kanisa linavuja juu ya kinanda, na mpiga kinanda anapiga akiwa amevaa kofia ya mvua. Kuku wangu wamegoma kutaga. Paka wangu Habakuki ameshika panya mmoja mwaka huu na bado anajisifu.

Mpe mama yako pole tena. Madirisha safi hayamdhuru mtu.

Kuhusu swali lako. Loveday ni jina la huku kwetu, si kitu cha ajabu. Bibi yake babu yako aliitwa hivyo. Alizaliwa zamani, akafa zamani, na hakuiba kuku wa mtu. Nakushauri umpe mtoto jina ambalo mwalimu ataliandika bila kuuliza. Ann ni jina zuri. Susan pia.

Hiyo Biblia nilidhani imepotea.

Vaa soksi nzito.

Thirza Nankervis


Sheffield,
10 Novemba 1974

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Tangawizi imefanya kazi, naweza kukaa chumba kimoja na chai sasa. Neville ametengeneza kitanda cha mtoto. Kimepinda upande mmoja kidogo, nami nimekisifu kwa sababu nampenda.

Umenijibu, lakini hujanijibu. Nimehesabu. Bibi yake babu alikuwa kaburini miaka mingi kabla ya 1930. Tarehe 3 Mei 1930 si yake. Basi ni ya nani?

Wanasema kuuliza si ujinga, kwa hiyo nimeuliza kila niliyekutana naye. Jirani yetu Bi. Ibbotson kalikata jina vipande viwili, akapata upendo na siku, kisha akanikonyeza: "Huyo ni mtoto wa mapenzi, bibie. Wa kichakani." Mpishi wa shuleni kwetu anasema ni mtoto aliyezaliwa Februari, siku ile ya wapendanao. Nikamwambia huyu ni wa Mei, akasema basi alichelewa.

Nimemwandikia pia mchungaji wa kanisa lenu. Alijibu upesi, mtu mwema sana. Amekagua daftari la ubatizo kuanzia 1928 hadi 1932 na hakuna Loveday hata mmoja. Amesema huenda wewe unajua, kwa kuwa ndiwe unayeshika ufunguo wa kanisa na kumbukumbu ya kila kitu.

Na jambo jingine, usikasirike. Nimezisoma tena kadi zako zote, mama amezihifadhi. Miaka yote hiyo umeandika "msalimie baba Jenifer" au "mumeo". Hakuna mahali hata pamoja uliposema "kaka yangu". Nimeliona tu, nikaona nikuambie.

Wako mdadisi,
Jenifer


Tregarrow,
1 Desemba 1974

Jenifer,

Marahaba. Sijambo. Kuku wawili wametaga. Katika kifurushi hiki mna mikate midogo ya zafarani, ile inayoliwa huku kwetu kabla ya Krismasi. Ipashe moto kidogo, usiipake siagi nyingi.

Mchungaji Penrose amekuja kwangu na miwani puani kuniuliza habari za daftari. Nilimpa chai na nikamrudisha kwake. Ukitaka kitu kutoka Tregarrow niandikie mimi, usimwandikie mgeni. Yuko hapa miaka sita tu.

Wazee walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wewe huna jembe, lakini una kitanda kilichopinda. Kashughulike nacho.

Thirza


Sheffield,
15 Desemba 1974

Shangazi,

Shikamoo. Mikate imeliwa siku ile ile. Mama alikula minne na kwa mara ya kwanza tangu Agosti alicheka, kwa sababu Neville aliuliza kama rangi ile ni ya dawa ya mbao. Mtoto anapiga teke. Kitanda kimenyooshwa kwa kuwekewa kitabu chini ya mguu.

Umeandika "ndugu wakigombana". Mimi sikutaja ugomvi. Nilitaja jina tu.

Basi nimekaa nikawaza, na nitalisema wazi kwa sababu nikilisema kwa mafumbo nitazidi kukosea. Mwaka 1930 ulikuwa na miaka ishirini na mitano. Hukuolewa. Kuna jina la kike kwenye ukurasa wa vizazi, halina baba wala mama, na halikubatizwa. Baba aliondoka Cornwall mwezi huo huo wa Mei na hakurudi kuishi huko tena. Shangazi, Loveday alikuwa mtoto wako?

Kama ndivyo, hakuna mtu hapa atakayekuhukumu. Nataka tu kujua alikwenda wapi. Akiwa hai ana miaka arobaini na minne, naye ni binamu yangu.

Krismasi njema. Habakuki apate panya wa pili.

Jenifer


Sheffield,
9 Februari 1975

Shangazi Thirza,

Shikamoo, ikiwa bado unaipokea kutoka kwangu. Krismasi ilipita bila kadi yako. Mama alikwenda mlangoni kila barua zilipoanguka, hadi mwaka mpya. Hakunilaumu, ila niliona. Niliandika lililonijia kichwani kama mtu anayetupa mawe gizani, na jiwe likakupata. Nisamehe. Si kwa sababu nina mimba, ni kwa sababu nilikosa adabu.

Huenda hutajibu hii pia, na una haki. Lakini ni lazima nikuambie nilichokipata, maana kinafuta kile nilichokusingizia.

Nilikwenda maktaba kuu. Pale kuna mzee, Bwana Staniforth, anayekaa na vitabu vya zamani na sandwichi yake. Nilipomtajia jina aliiweka ile sandwichi chini, jambo ambalo wenzake wanasema halijapata kutokea. Akaniambia kwamba wote niliowauliza wamekosea. Upendo uliomo ndani ya jina hilo si wa kichakani. Zamani sana, miaka mia sita na zaidi, watu wa nchi hii waliogombana kuhusu mpaka wa shamba, au ng'ombe, au maneno, kabla hawajamalizana mahakamani waliwekewa siku. Walikutana mbele ya wasuluhishi, mara nyingi kanisani, wakasemezana yote na kupeana mikono. Siku hiyo ya kupatana ndiyo iliyoitwa loveday. Mtoto aliyezaliwa siku kama hiyo aliweza kupewa jina lake, awe wa kike au wa kiume. Baadaye desturi ikafa na watu wakasahau maana, lakini jina likabaki, na mahali lilipong'ang'ania kuliko kwingine ni huko kwenu Cornwall.

Nilitembea kurudi nyumbani, sikupanda basi. Nilifika nikaifungua Biblia hata kabla ya kuvua koti. Babu aliandika "Loveday", akaweka nukta. Akaandika tarehe. Akaacha nafasi.

Shangazi, Loveday si mtu, sivyo? Ni siku. Babu aliwapangia watu siku ya kupatana, akaacha nafasi ya kuandika ilivyokwenda, na hakuandika kitu.

Nadhani najua watu hao ni akina nani. Mmoja nimemzika Agosti. Mwingine anaisoma barua hii, nami sitamuuliza tena. Nitasubiri.

Jenifer


Tregarrow,
2 Machi 1975

Jenifer mwanangu,

Marahaba. Nimeipokea.

Barua yako ya Desemba niliitia motoni. Kisha nilicheka peke yangu jikoni, mimi Thirza Nankervis na mtoto wa siri, na Habakuki akatoka nje kwa hofu. Halafu sikucheka tena. Nilichukua kadi ya Krismasi ya mama yako, nikaandika anwani, nikaiacha kwenye droo hadi leo. Mwambie haikuwa kosa lake.

Huyo mzee wako wa sandwichi amesema kweli. Sasa na mimi nitasema, na nitasema mara moja tu.

Babu yako Hannibal alikuwa mkulima siku sita, na ya saba alikuwa mhubiri wa zamu. Tangu utoto alitaka kujua kwa nini bibi yake aliitwa Loveday, na hakuna aliyemjibu. Alipata jibu uzeeni. Walimwita akatengeneze paa la jumba kubwa la bwana shamba, akakuta kasha la makaratasi ya zamani ya mahakama, na msomi mmoja aliyekuwa anayapanga akamsomea. Alirudi nyumbani ameloa na anang'aa. Kwa mwezi mzima hatukula chakula bila kusikia habari za loveday. Wawili hawa waligombana kuhusu kisima, wakapewa siku. Wawili wale kuhusu fahali. Digory na mimi tulikuwa tunapigana teke chini ya meza kwa kuchoka. Tulikuwa marafiki wakati huo, ujue. Hakuna aliyenichekesha kama yeye.

Nilikuwa na mchumba. Jina lake Jabez Bolitho, mchimba bati, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Alikuwa amekula kiapo cha kutokunywa pombe kama sisi wote wa kanisani. Mwezi wa Novemba 1929, usiku wa ibada ya Alhamisi, Digory alisimama mbele ya watu akasema amemwona Jabez akitoka kilabuni akiyumba. Hakumwona uso. Aliona koti la mvua, na begani kiraka cha kijani ambacho nilikishona mimi mwenyewe. Kwa kiraka hicho alikuwa tayari kuapa.

Jabez hakujitetea. Alisema tu, "Kama mnaniona hivyo, basi." Alikuwa na kiburi chake. Walimfuta jina kanisani. Baba akaniambia uchumba umekwisha. Januari Jabez akapanda meli kwenda migodi ya Australia. Aprili binamu yake akaja mlangoni kwetu, kofia mkononi, akakiri kwamba siku ile ya mvua aliliazima koti.

Baba yako alitaka kuniomba radhi siku hiyo hiyo. Nilimpita kama anavyopitwa mti. Nilimpita jikoni, nilimpita zizini, nilimpita kanisani, wiki nzima. Ndipo babu yako akaifungua Biblia mbele yetu na kuandika ule mstari. Jumamosi, tarehe tatu Mei, saa sita mchana, mezani. Aliuandika ukurasa wa vizazi makusudi. Alisema siku hiyo kitazaliwa kitu katika nyumba yake.

Mama alioka pai za nyama na viazi, akaweka herufi kwenye kona ya kila moja kama kawaida, ya kwangu T, ya baba yako D. Kwetu kila mtu huanza kula upande wa pili, akamalizia herufi yake, na huli pai yenye herufi ya mwenzako hata ukifa njaa. Utotoni Digory aliwahi kuninyang'anya yangu. Nilimkimbiza hadi mtoni na kumsukuma ndani.

Saa sita ilipofika nilikuwa chumbani juu. Nilisikia kiti chake kikivutwa. Nilisikia baba akisoma Zaburi. Ngazi zetu ni kumi na tatu. Nilishuka nne, nikakaa. Niliuona mkono wa Digory mezani, kidole kikigonga gonga. Mwanangu, nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Sikuwa na hasira tena. Ilikuwa imekwisha kwenye ngazi ya pili. Lakini nilikuwa nimeizoea, na niliogopa kubaki bila kitu. Nikakaa pale pale.

Alisubiri hadi saa kumi, wakati wa kukamua. Akasimama, akachukua pai moja, akatoka. Niliposhuka mezani palikuwa na D. Alikuwa amechukua yangu. Nikasema, hata leo, hata siku ya leo ameniibia. Pai yake niliwapa nguruwe. Jumatatu akaenda kaskazini.

Babu yako aliacha ile nafasi wazi hadi alipokufa. Jabez aliniandikia mara moja kunijulisha kwamba ameoa.

Baba yako alirudi mara mbili, kwa mazishi ya baba na ya mama. Tulipeana mikono mbele ya watu, kama wageni wanavyofanya. Na Agosti mwaka jana telegramu ilipokuja nilivaa viatu, nikachukua mkoba, nikafika kituo cha basi. Basi likaja, likaondoka. Ndiyo maana ikawa mistari miwili.

Sasa unajua. Mwite mtoto Ann.

Thirza


Sheffield,
13 Aprili 1975

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kutoka kwa mtu mpya. Amezaliwa tarehe 29 Machi, siku moja kabla ya Pasaka, saa tatu asubuhi, wa kike. Ana nywele nyingi nyeusi na hasira za karibu. Neville alilia mbele ya wauguzi, akasema ni mafua. Kitabu chini ya kitanda bado kipo. Mama ameacha madirisha, sasa anasafisha mtoto.

Nilichelewa kujibu kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine. Barua yako niliisoma hospitali, nikafika pale kwenye pai, nikaiweka chini. Neville akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Tarehe tatu Mei." Akasema, "Siku ya pai?"

Shangazi, hukujua, na mimi sikujua kwamba ninajua. Kwetu kila tarehe tatu Mei kulikuwa na pai. Mama ni mtu wa Sheffield, alifundishwa na baba kukunja ukingo, na hadi leo anaukunja vibaya. Baba alikuwa anakata mwenyewe kipande cha unga na kukiweka kwenye kona. Herufi yenyewe ilikuwa T. Nilikuwa na miaka saba nilipomuuliza mbona T, na jina lake linaanza na D. Akaniambia, "Ni ya mwenyewe." Nikadhani ndivyo wanavyosema huko Cornwall. Ilikaa mezani tangu saa sita, mbele ya kiti kitupu, na ole wake atakayeigusa. Saa kumi ikigonga alikuwa anaikata vipande vitatu, tunakula. Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo, na alikuwa ameanza kushindwa kukata. Nilimkatia mimi.

Nilipotoka hospitali nilimsomea mama barua yako jikoni. Sikumficha neno. Alisikiliza na kitambaa mkononi. Nikamuuliza kama baba alipata kumwambia kwa nini alichukua ile pai. Akasema alimwambia mara moja tu, mwaka waliofunga ndoa, na akamwapisha asimwambie mtu. Nakuandikia maneno ya baba kwa mama, kama mama alivyoyasema:

"Nilichukua ya kwake makusudi, Doris. Nikajua lazima atanifuata kuidai. Thirza hajawahi kumwachia mtu pai yake. Nilitembea polepole hadi getini. Pale getini nilisimama mpaka ng'ombe wote wakapita."

Ndivyo alivyosema.

Kuhusu jina, amekaa wiki mbili bila jina, na karani wa uandikishaji ameanza kutuma barua. Sitamwita Ann. Lakini jina ninalolitaka ni la siku ambayo haikutimia, na ni lako kulitoa au kulikataa. Ukikataa sitauliza sababu, nimejifunza.

Ubatizo ni Jumapili tarehe nne Mei. Siku moja kabla yake ni Jumamosi, tarehe tatu, kama ilivyokuwa mwaka ule. Chakula ni saa sita. Ile methali yako uliikata katikati, na nusu yake ya pili naijua: wakipatana, chukua kapu ukavune.

Hapa hatuna ngazi za kushuka. Nyumba yetu ni ya chini.

Jenifer


Tregarrow,
22 Aprili 1975

Jenifer mwanangu,

Marahaba, wewe na huyo mwenye hasira za karibu. Hizo ni za upande wetu, msihangaike kuziponya.

Nilikwenda kusimama getini. Ni geti lile lile, mbao tu zimebadilishwa. Kutoka pale, mlango wa jikoni unaonekana wote, na mtu akitoka anaonekana. Nimeishi hapa miaka sabini na sikuwahi kuliangalia jambo hilo kutoka upande ule.

Ufunguo wa kanisa nimempa Mchungaji Penrose. Anaushika kama yai. Habakuki atakuwa kwa jirani. Sijapata kuvuka mto Tamar na kutoka Cornwall maishani mwangu, na mkata tiketi amenieleza mara tatu mahali pa kubadilisha treni, nikamwambia mimi si kiziwi. Nafika Sheffield Ijumaa tarehe pili, saa kumi na moja jioni. Utanijua kwa kapu.

Mwite Loveday. Biblia iwekwe mezani pamoja na kalamu ya wino, kuna nafasi ya vidole vitatu inanisubiri. Babu yako alisema kitazaliwa kitu. Alikosea mwaka tu.

Mwambie mama yako aoke, na asiogope ukingo uliopinda. Aweke T kwenye kona. Kaka yangu amenikalia na pai yangu miaka arobaini na mitano. Nakuja kuidai.

Thirza